Nakundwa Anaushitaki Moyo Wake

Nakundwa alishika kikombe cha chai ya tangawizi mpaka kikapoa, na utando wa maziwa ukatanda juu. Mama yake, Ernesta, alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni huku akichambua maharage ya makande. Chai ile Nakundwa alikuwa ameitaka mwenyewe, akaichemsha mwenyewe, akaimimina mwenyewe. Hapo ndipo penye shida. Ameitaka nani?

Kesi ikafunguliwa palepale, kichwani mwake, kama kawaida. Mshitakiwa: kiu. Shahidi wa kwanza, koo, akasema kweli limekauka, maana tangu asubuhi lilikuwa shambani likipalilia pamoja na mwenyewe. Shahidi wa pili, baridi ya Myamba, kijiji chao cha mlimani, hakuhitaji hata kuapishwa. Kisha likaja swali ambalo hakuna kesi iliyomalizika bila hilo: je, kuna mtu mwingine anayefaidika nikinywa? Nakundwa akamtafuta mtu huyo, hakumwona, basi kiu ikaachiwa huru. Akanywa chai ya baridi, akakunja uso.

"Ungeinywa ya moto kama watu," alisema Ernesta.

Sisi Wapare tumesemwa vya kutosha kwa kupenda kesi. Wanasema Mpare atauza ng'ombe ili afuatilie haki ya kuku. Tunacheka, tunakanusha, kisha tunaulizia jina la aliyesema ili tukamshitaki. Lakini hata kwetu hakujawahi kuonekana mtu wa kuuburuta moyo wake mwenyewe mahakamani, kutwa kucha, kwa mambo kama chumvi, usingizi na upande wa kulalia. Nakundwa alifanya hivyo, na ukimsikiliza vizuri utaona hakuwa mwehu.

Nyuma ya sikio lake la kushoto, chini ya ngozi, kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya ulezi. Wenzake na yeye walikiita hivyohivyo, punje. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kuchoka kungoja maisha yaanze, Kampuni ilipokuja Same kutafuta vijana wa ulinzi. Halikuwa jeshi la nchi yoyote, ila lilikuwa na vyeo, gwaride na saluti, na lilikuwa na haraka. Wakachukua vijana wa milimani na wa tambarare, Waislamu wa mjini na Wamasai wa huko chini, wakamtia kila mmoja punje yake, wakawavusha bahari mpaka mahali palipoitwa Jangwa la Kioo. Huko kitu fulani kilianguka kutoka mbinguni zamani, mchanga ukayeyuka, ukaganda, ukawa kioo kinachokata viatu. Katikati ya kioo ulisimama Mnara ambao haukujengwa na mtu. Usiku na mchana ulikuwa ukivuma kwa sauti ya chini, kama mama anayebembeleza mtoto bila maneno. Kazi ya askari ilikuwa kuulinda.

Nyumbani watu walimuuliza: punje inasemaje? Walidhani inanong'ona. Laiti ingenong'ona! Sauti unaweza kuibishia, na kwa kubisha Mpare hajambo. Punje haisemi. Punje inaleta hamu. Unaamka unajisikia kupanga mstari, basi unapanga. Unajisikia kutembea juu ya kioo kutwa nzima bila maji, na unatembea huku unaimba, kwa raha zako. Hakuna aliyemwamrisha mtu hata siku moja. Kila askari alikuwa akifanya anachokipenda.

Na kila alfajiri walipenda kupiga magoti. Amiri wa Same, aliyekuwa hakosi swala, alipiga magoti kuuelekea Mnara. Naishorua, binti wa wafugaji wa tambarare, alipiga magoti. Nakundwa, mtoto wa Wasabato, aliyefunzwa tangu utotoni asisujudie kitu chochote cha mbinguni wala cha duniani, alipiga magoti na machozi ya furaha yakamtiririka. Aliupenda ule Mnara kuliko alivyowahi kumpenda Mungu. Hili hakumwambia mama yake. Alimwambia mtu mmoja tu, na nitafika kwake.

Chini ya Mnara kulikuwa na Lango, na kila baada ya muda ilibidi mtu aingie. Kwa nini, hawakuambiwa, wala hawakuwa na hamu ya kuuliza. Siku moja akaingia Elifasi, kijana wa Msangeni, mcheshi, aliyekuwa akiwafulia wenzake soksi. Aliweka bunduki chini, akapanga viatu vyake vizuri sambamba, akamgeukia Nakundwa akitabasamu. "Nimeamua mwenyewe," alisema. Akaingia kwenye ule mwanga na hakutoka tena. Nakundwa alimpigia makofi. Alimpigia makofi kwa sababu alijisikia kupiga makofi.

Mkataba ulipokwisha wakarudishwa. "Punje tumeizima," Kampuni iliwaambia. Nani aliona ikizimwa? Hakuna. Watu wanaodai risiti hata ya kiberiti walipokea neno lile mikono mitupu wakapanda ndege. Daktari mmoja aliyemtazama kwenye picha ya mionzi alitikisa kichwa: ile punje ilikuwa imeota nyuzi, zimejizungusha kwenye mishipa, na yeye hagusi. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga. Wahenga walibahatika, nguo unaweza kuivua.

Ndiyo maana ya zile kesi.

Kijiji nacho hakikumwamini. Aliposimama ukingoni mwa mlima akitazama tambarare, watu walisema anawapa wenzake ishara. Aliposimama dukani mbele ya sukari, midomo ikimchezacheza, wateja waliondoka mmoja mmoja. Mama mmoja wa kanisani alimkataza mwanawe kukaa upande wake wa kushoto. Siku Ernesta alipotangaza kwamba atauza beberu, akaongeza, "Nimeamua mwenyewe," Nakundwa aliachia bakuli la uji likapasuka. Ernesta akasema kwamba wengine wakirudi kutoka ng'ambo huleta redio.

Katikati ya shaka zote hizo, kulikuwa na jambo moja Nakundwa alilitaka kwa namna iliyomuuma. Alitaka kubatizwa. Aliondoka kabla hajabatizwa, na kwao mtu habatizwi akiwa mchanga. Anangoja mpaka aweze kusimama ndani ya maji na kujibu kwa kinywa chake kwamba anataka. Alitaka kuzama na kutoka akiwa mali ya mtu anayemjua. Akaenda kwa Mchungaji Eliufoo.

Mchungaji Eliufoo alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji, na macho ya mwalimu hayastaafu. Alimtazama kama anayetafuta karatasi ya kuigilizia ndani ya mkono wa shati. Nakundwa akamweleza yote: kioo, Mnara, magoti, machozi ya furaha. Huyu ndiye yule mtu mmoja.

"Nionyeshe," alisema Mchungaji.

Nakundwa akasogeza kitambaa. Mchungaji akainama, akaona kile kivimbe kikicheza polepole chini ya ngozi, akarudi nyuma hatua nzima.

"Sasa nikuulize kama nitakavyokuuliza majini," alisema. "Unataka kubatizwa kwa hiari yako mwenyewe?"

Nakundwa alifungua mdomo. Moyo ulijaa, machozi yalikaribia, furaha ilipanda kifuani. Akaitambua. Ilikuwa furaha ileile ya jangwani, sura ileile, uzito uleule, kama pacha wake. Akafunga mdomo.

"Sijui, Mchungaji."

"Basi siwezi. Usinichukie, mwanangu. Kumbatiza mtu asiyejua kama anataka ni kumwogesha tu." Alimsindikiza mpaka mlangoni, akasita. "Na mimi nitajuaje kwamba anayetaka kuingia kanisani kwangu ni wewe, si wao?"

Swali lile lilimkaa Nakundwa kooni kama mwiba wa samaki. Halikuwa swali baya. Ubaya wake ni kwamba lilikuwa sahihi. Aliendelea kuhudhuria darasa la ubatizo kila Sabato, akiketi nyuma.

Tangu siku ile kesi zikaongezeka, na hukumu zikawa kali. Akaamua kwamba dawa ni kukataa. Akijisikia makande, anakula ugali. Akijisikia kuimba, ananyamaza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Nakundwa alianza kushtuka hata kwa baragumu.

Baragumu lile ni la msaragambo. Likilia asubuhi kutoka kilimani, kila nyumba inatoa mtu, mwenye jembe na mwenye karai, kwenda kufanya kazi ya wote: barabara, mfereji, na zaidi ya yote ndiva, lile bwawa tulilorithi, linalokinga maji ya kijito usiku ili mashamba yanywe mchana. Hatuulizani. Tope likijaa ndivani tunalichota, kisha tunagawana zamu za maji. Asiyekwenda anatozwa jogoo, na akirudia, zamu yake ya maji inapita nyumbani kwake bila kubisha hodi.

Nakundwa alilisikia baragumu akakaa. Aliketi kizingitini, amekunja mikono, wenzake wakipita na majembe begani. "Amri nimezichoka," alimwambia mama yake. Jioni mwenyekiti wa kitongoji alikuja kuchukua jogoo. Ernesta alimkabidhi, akimtazama jogoo kwa huruma kuliko alivyomtazama binti yake.

Wiki chache baadaye simu ikalia. Alikuwa Amiri, anapiga kutoka Same, ambako alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki karibu na stendi.

"Afande Naku! Mambo?"

"Poa. Kuna nini?"

"Gari la Kampuni limekuja. Jeupe, lina kiyoyozi, limepaki hapa ng'ambo ya barabara. Wanachukua watu wa zamani. Wanaondoka Jumamosi jioni."

"Na wewe umewaambiaje?"

"Mimi naenda, dada yangu. Nimeamua mwenyewe."

Huyu Amiri ndiye aliyeapa kwenye uwanja wa ndege, mkono juu, kwamba afadhali auze karanga barabarani mpaka afe. Nakundwa hakungoja. Kesho yake aliteremka Same. Jua la kule chini lilikuwa linachoma, vumbi linazunguka, na gari jeupe lilikuwa pale kweli, vioo vyeusi, injini inanguruma taratibu. Hakuna mtu aliyekuwa akimwita mtu. Hapakuwa na bango, wala kipaza sauti, wala bwana mwenye maneno matamu. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Mwindaji anayekaa kimya ana uhakika na mtego wake.

Amiri alikuwa akipanga bidhaa zake kwenye maboksi ili amwachie mdogo wake Habibu. Alikuwa anapiga mluzi.

"Shemeji anasemaje?" Nakundwa aliuliza. Amiri alikuwa ameoa karibuni, na mkewe Husna alikuwa mjamzito.

"Analia. Wanawake wanalia." Alitabasamu. "Lakini nimefikiria, Afande. Duka halilipi. Mtoto anakuja. Kuna sababu nyingi nzuri."

"Na Elifasi?"

Mluzi ukakatika. Kwa nukta moja uso wa Amiri ulionekana kama wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali sana. Kisha ule utulivu ukarudi, ukatandazika kama mafuta juu ya maji.

"Elifasi aliamua mwenyewe," alisema, akachukua boksi jingine.

Naishorua alikuwa ameketi kivulini mwa gari, shuka jekundu limefungwa vizuri, fimbo magotini. Ng'ombe zake alikuwa amemwachia kaka yake, yeye aliyekuwa jangwani akilia usiku kwa kuwakumbuka ng'ombe kwa majina. Nakundwa alimsalimu, akamshika mikono, akamwomba warudi wote wawili mlimani angalau mpaka gari liondoke.

"Hapana, rafiki," alisema Naishorua kwa upole. "Hakuna mtu ananivuta. Angalia, sijafungwa kamba. Nimeamua mwenyewe."

Nakundwa alirudi Myamba na swali jipya. Mbona yeye hasikii chochote? Alijipapasa moyoni kama mtu anayetafuta jino bovu kwa ulimi. Hamu ya kwenda haikuwepo. Je, yake ilizimwa kweli? Au wanamngoja?

Siku ya Alhamisi aliamka ana furaha.

Alilala pale kitandani akisikiliza jogoo wa jirani, na furaha ikamjaa mpaka vidoleni. Aliwaza Same. Aliwaza gari jeupe, ubaridi wa ndani yake, na mbele ya yote, mbali, ule mvumo wa chini unaobembeleza. Akajua ni nini. Akainuka haraka akafungua kesi.

Mashahidi walikuja wengi kuliko siku zote. Paa la mama linavuja, alisema mmoja. Bei ya tangawizi imeanguka, alisema wa pili. Naishorua na Amiri wako peke yao miongoni mwa wageni, nani atawalinda? Kijijini hupendwi. Kanisani umekataliwa. Kila shahidi alisema kweli tupu, na hapo ndipo Nakundwa alipoogopa, kwa kuwa maishani mwake hakuwahi kuwa na sababu nzuri kiasi kile za kufanya jambo lolote. Akageuka kumtafuta hakimu. Hakimu naye alikuwa ameshapanda gari. Kesi zote zile, miezi yote ile, ilikuwa kesi ya nyani kupewa ngedere. Aliyekuwa akihukumu hamu ni hamu.

Mikono yake ilikuwa inakunja nguo. Aliiona ikikunja vizuri, kwa ustadi, ikitia kwenye begi. Akajisikia vizuri.

Nje, baragumu likalia.

Ernesta alijitokeza mlangoni, kanga imefungwa kiunoni, makarai mawili mkononi. Aliliona begi.

"Nataka kwenda Same, Mama," alisema Nakundwa. Sauti ilikuwa tulivu mno. "Nimeamua mw—" Akauma ulimi. Aliuuma kwelikweli, damu ikaja. "Mama, imekuja. Ile hamu. Nataka kwenda kiasi kwamba nikibaki naona nitapasuka."

Ernesta alimtazama. Hakuwa mwanamke wa hekima nyingi, na asingependa kusingiziwa. Alikuwa mwanamke aliyechelewa kazini.

"Baragumu linalia," alisema.

"Sitaki kwenda ndivani!"

"Nani kakuuliza kama unataka?" Sasa Ernesta alikasirika waziwazi; yule jogoo alikuwa bado anamuuma. "Unadhani mimi huwa nataka? Tangu niolewe kwenye mlima huu sijawahi kutaka kuchota tope la ndiva, hata siku moja! Nalichukia. Linanuka. Linaniingia kwenye kucha mpaka Sabato nashika Biblia kwa aibu. Kutaka, kutaka, tangu urudi ni hilo tu. Kila siku unauliza unataka nini, kama mgeni hotelini!"

"Kwa hiyo huwa unaendaje?"

"Kwa miguu," alisema Ernesta, akamrushia karai.

Nakundwa alilidaka. Akalitazama. Akatazama miguu yake, iliyokuwa mitupu, imepasuka visigino, imetulia tu pale sakafuni bila upande wowote. Akainua mmoja.

Ndivani kulikuwa na watu wengi, matope mpaka magotini. Wanaume walichimba, wanawake wakapokezana makarai kwa mstari mpaka ukingoni, na wimbo ukapanda na kushuka. Nakundwa alipoingia kwenye mstari, wimbo ulipungua kidogo, watu wakatazamana, wakamwachia nafasi pana kuliko ilivyohitajika. Hakujali. Alikuwa na vita vingine. Kwa kila karai alilolipokea alikuwa akitaka Same. Alitaka kwa tumbo, kwa meno, kwa mifupa. Machozi yalimchuruzika yakachanganyika na tope. Hapakuwa na hata chembe moja ndani yake iliyotaka kuwa pale.

Mara moja miguu ilimponyoka. Alijikuta kwenye njia ya kuteremka, karai kichwani, ameshapita mgomba wa kwanza, moyo unacheka. Akasimama. Alingoja moyo ugeuke, haukugeuka. Basi akaugeuza mguu wa kulia bila huo moyo, halafu wa kushoto, akarudi ndivani akiwa bado anacheka na kulia, akamwaga tope mahali pake.

Hapo akaelewa jambo ambalo jangwani hakuna askari aliyewahi kuligundua. Punje ilikuwa na uwezo wa kumpa hamu, ila haikuwa na uwezo wa kumpa hatua. Kule hawakujua kwa sababu hawakujaribu. Nani ajaribu kufanya asichokitaka, wakati anachokitaka ni kitamu hivyo? Elifasi angeweza kugeuka pale Langoni, akiwa bado anatabasamu, na kuvaa viatu vyake. Nakundwa aliwaza hilo na likamchoma kuliko yote. Siku ile, na siku iliyofuata, alimpigia Amiri simu mara nyingi kumwambia. Iliita tu.

Ndiva ikasafishwa, ikazibwa, kijito kikaachiwa kuingia. Kufikia Sabato, Jumamosi ile ya gari kuondoka, ilikuwa imejaa maji, na baada ya ibada kanisa zima likaenda huko na nyimbo, kwa kuwa darasa la ubatizo lilikuwa limehitimu. Waliokuwa wakibatizwa walisimama ukingoni na kanzu zao ndefu, wanatetemeka kwa baridi. Mchungaji Eliufoo alikuwa ameshaingia, maji yamefika kiunoni. Mmoja baada ya mwingine waliteremka, wakaulizwa, wakajibu, wakazamishwa, wakatoka wakipigiwa vigelegele.

Nakundwa alikuwa wa mwisho. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amevaa kanzu ya kuazima iliyomfupia, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye homa. Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa tambarare, na kule chini injini ilikuwa inanguruma, aliisikia kifuani. Kile alichokitaka kwa miezi mingi, kile kilichomfanya alie mbele ya Mchungaji, hakikuwepo tena. Punje ilikuwa imekila nacho. Alipoyatazama maji hakuona chochote ila maji. Akaingia.

"Nakundwa," alisema Mchungaji Eliufoo kwa sauti ya chini, yale macho ya mwalimu yamemkazia. Ukingoni mzee mmoja wa kanisa alikohoa kwa makusudi. "Hukuniambia kwamba utakuja."

"Niulize, Mchungaji."

Mchungaji akainua sauti, ili wote wasikie. "Unataka kubatizwa kwa hiari yako mwenyewe?"

"Sitaki," alisema Nakundwa.

Minong'ono ikapita ukingoni. Mtu akasema, si niliwaambia. Ernesta alikuwa amesimama mbele ya wote, taulo mkononi, hakutikisika.

"Leo sitaki kabisa," Nakundwa aliendelea, na meno yalikuwa yakigongana. "Ninachotaka ni gari lililoko Same, na ninalitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Wamechukua kutaka kwangu kote, hata kule kumtaka Mungu wameninyang'anya, sisikii kitu. Lakini nimekuja. Hakuna aliyenituma, Mchungaji. Hata moyo wangu haukunituma."

Hakuna aliyekohoa. Maji yalikuwa yakiingia ndivani taratibu kutoka kwenye mfereji. Ile shaka Mchungaji Eliufoo aliyoibeba usoni miezi yote ikahangaika kidogo, ikakosa mahali pa kukaa. Aliweka mkono wake wa kushoto mgongoni mwa Nakundwa, wa kulia ukainuka.

"Basi ziba pua," alisema, akamzamisha.